Ukinyimwa Nyumba ya Kupanga Marekani kwa Sababu ya Asili Yako: Jinsi ya Kupata Ushahidi na Kufungua Lalamiko

Siku hizi ni nadra mwenye nyumba Marekani kumwambia mtu usoni kwamba hapangishi Waafrika. Anatabasamu, anasema apatimenti imechukuliwa jana, anakutakia siku njema. Anayefuata, mwenye jina la Kizungu na lafudhi ya hapo hapo, anaonyeshwa apatimenti mbili na kupewa fomu. Wewe hujui, maana hukuwepo. Mwaka 2012 Wizara ya Makazi ya Marekani, HUD, ilichunguza jambo hili katika majiji makubwa 28 kwa majaribio zaidi ya 8,000, ikituma watu wawili wawili wenye sifa sawa za upangaji ila asili tofauti. Wapangaji weusi walitajiwa nyumba pungufu kwa takriban asilimia 11 kuliko Wazungu waliouliza swali lile lile. Kwa wenye asili ya Amerika ya Kusini na kwa Waasia pengo lilikuwa karibu hilo hilo. Wengi wao walipokewa vizuri tu.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta tusi. Ushahidi wa kesi hizi ni ulinganisho: wewe ulitendewa hivi, mwingine mwenye sifa kama zako akatendewa vile, siku hiyo hiyo, kuhusu nyumba hiyo hiyo. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga kuufanya ulinganisho huo uonekane kwenye karatasi.

Sheria inakulinda na nini

Sheria kuu ni Fair Housing Act, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Inakataza kumbagua mpangaji kwa mbari, rangi, asili ya kitaifa, dini, jinsia, ulemavu, au kwa kuwa ana watoto wa chini ya miaka 18. Neno kabila halimo, lakini ukoo na nchi ya wazazi wako huhesabiwa ndani ya asili ya kitaifa. Ipo pia sheria kongwe ya mwaka 1866, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani ilifafanua mwaka 1987 kwamba inamlinda mtu anayebaguliwa kwa nasaba yake au sifa za kikabila. Hiyo ya 1866 itatufaa baadaye.

Yaliyokatazwa ni mapana kuliko kukataa tu. Kudai dipoziti ya miezi miwili kwako na ya mwezi mmoja kwa mwingine ni kosa. Kudanganya kwamba nyumba haipo ni kosa. Tangazo au kauli inayoonyesha upendeleo ni kosa, hata ikisemwa kwa upole. Kukusukumia upande fulani wa mji kwa maneno kama "kule wapo watu wenu, mtafurahi" ni kosa pia, na hili wengi huliona kuwa wema.

Huhitaji kuwa raia ili ulindwe, maana sheria inamtaja mtu yeyote. Ila kuna mpaka: hati ya uhamiaji yenyewe haimo kwenye orodha ya sheria ya taifa. Mwenye nyumba anayewadai waombaji wote hati za ukaaji, katika majimbo mengi yuko ndani ya sheria. Anayemdai Mkongo peke yake na kumwacha jirani yake Mmarekani anabagua. California wamekwenda mbali zaidi: huko mwenye nyumba haruhusiwi kabisa kumuuliza mpangaji hali yake ya uhamiaji.

Ziba mianya kabla hujaomba

Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai kipato cha mara tatu ya kodi, historia ya krediti (rekodi ya jinsi unavyolipa madeni), na barua ya mwenye nyumba wa zamani, mradi masharti ni yale yale kwa wote. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Mtu amebaguliwa kweli, lakini alikuwa amepeleka maombi yenye pengo, na pengo hilo likawa ndiyo sababu halali iliyoandikwa kwenye faili.

Tayarisha bahasha moja na nakala yake kwenye simu: kitambulisho chenye picha, namba ya Social Security, hati ya kuingilia nchini au kadi ya kazi, hati za mshahara za miezi miwili ya karibuni, barua ya mwajiri yenye mshahara na tarehe ya kuanza, taarifa za benki za miezi mitatu, na majina ya watu wawili wanaoweza kukuthibitisha. Aliyefika karibuni aombe shirika lililompokea limwandikie barua inayotaja kwa dola litamlipia kiasi gani na kwa miezi mingapi. Barua ya "tunamsaidia huyu" isiyo na kiasi haina uzito.

Piga hesabu ya kipato kabla ya kulipa ada ya maombi. Kodi ikiwa dola 1,200 na kigezo ni mara tatu, wanataka kuona dola 3,600 kwa mwezi kabla ya makato. Jumlisha mishahara ya watu wazima wote watakaosaini mkataba.

Idadi ya watu nayo husumbua familia zetu. Tangu mwaka 1991 HUD huchukulia watu wawili kwa kila chumba cha kulala kuwa kipimo cha kawaida kinachokubalika, ingawa ukubwa wa vyumba na umri wa watoto vinaweza kukibadilisha. Familia ya watu saba ikikataliwa kwenye apatimenti ya vyumba viwili, usitegemee kushinda kwa hoja ya asili. Wala usiwafiche watoto. Fomu yenye uongo ni sababu ya kukutoa baadaye, na itamaliza nguvu ya lalamiko lolote.

Kisha omba vigezo vyao kwa maandishi kabla hujajaza fomu: kipato, krediti, dipoziti, ada, idadi ya watu. Meseji ya mistari miwili inatosha. Vigezo vikija kwa maandishi vikabadilika baada ya kukuona, umeshapata nusu ya kesi. Wasipojibu, hifadhi meseji uliyotuma.

Mawasiliano ya kwanza

Anza kwa meseji au barua pepe, halafu ndipo upige simu. Meseji inaacha alama. Isitoshe, lafudhi hukataliwa kabla ya sura: mwanaisimu John Baugh aliwapigia wenye nyumba wa eneo la San Francisco kwa lafudhi tatu tofauti, akapata miadi pungufu alipotumia lafudhi ya Wamarekani weusi au ya wenye asili ya Meksiko katika mitaa ya Wazungu. Ukijibiwa kwa maandishi saa nne asubuhi kwamba apatimenti ipo, ukapiga saa tano ukaambiwa imekwenda, mabadiliko hayo yana maana, na sasa yana saa.

Piga skrinishoti ya tangazo siku ya kwanza, yenye tarehe, bei na anwani. Piga tena kila baada ya siku mbili au tatu. Tangazo linaloendelea kuonekana wiki mbili baada ya wewe kuambiwa "imechukuliwa" ni ushahidi mzuri, ila halitoshi peke yake: ofisi nyingi huacha tangazo hewani kwa uvivu, na majengo makubwa hutumia tangazo moja kwa apatimenti nyingi. Ndiyo maana unauliza namba ya apatimenti.

Weka daftari. Kwa kila mazungumzo andika tarehe, saa, jina la uliyezungumza naye, namba ya apatimenti, kodi na dipoziti uliyotajiwa, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa, kwa Kiingereza chao. Usitafsiri, usifupishe. "Alinidharau" haimsaidii mpelelezi atakayechunguza lalamiko lako. Andika siku hiyo hiyo, maana kumbukumbu iliyoandikwa baada ya mwezi hupanguliwa kirahisi.

Kurekodi simu kuna mtego. Katika majimbo mengi inatosha mmoja wa wanaozungumza kukubali, yaani wewe. California, Washington, Pennsylvania, Illinois, Massachusetts, Maryland na Florida wanataka ridhaa ya pande zote, na huko kurekodi kimya kimya kunaweza kukugeuza wewe mshtakiwa. Usipokuwa na uhakika na jimbo lako, tumia daftari.

Jaribio la watu wawili

Wewe na mtu wa asili tofauti mnauliza nyumba ile ile, kisha majibu yenu yanalinganishwa. Hii ndiyo silaha kubwa, na ni halali. Katika kesi ya Havens Realty dhidi ya Coleman, mwaka 1982, iliyotoka karibu na Richmond, Virginia, Mahakama Kuu ilikubali kwamba mtu aliyedanganywa kuhusu upatikanaji wa nyumba anaweza kushtaki hata kama alikwenda kujaribu tu, bila nia ya kupanga.

Likifanywa vizuri zaidi hufanywa na shirika la haki za makazi la eneo lako, kwa sababu lina watu waliofunzwa na halina chuki na mwenye nyumba. Tafuta jina la mji wako pamoja na maneno "fair housing". Huduma kwa kawaida ni bure. Wapigie siku ile ile uliyokataliwa, maana jaribio linahitaji apatimenti ambayo bado ni tupu. Ukisubiri wiki tatu imeshapangishwa kweli, na hakuna tena cha kupima.

Ukikosa shirika lililo karibu, mtumie mtu unayemfahamu, kwa masharti haya.

Mwenzako awe na asili tofauti na yako, lakini mengine yalingane: kipato sawa au kidogo chini ya chako, idadi sawa ya watu, watoto sawa, tarehe ile ile ya kuhamia, vyumba vile vile. Chini ya chako, naam. Mwenye kipato kikubwa akipokewa vizuri, watasema walimpendelea kwa pesa zake, na jaribio limekufa.

Aulize ndani ya saa chache baada yako, kwa njia uliyotumia wewe. Ulikwenda ofisini, naye aende. Ulipiga simu, naye apige. Maswali yawe matano tu na yale yale: mna apatimenti gani za vyumba viwili, zinapatikana lini, kodi na dipoziti ni kiasi gani, vigezo ni vipi, naweza kuziona lini. Asitaje jina lako. Asiulize kuhusu Waafrika wala majirani, kwa sababu mtu akichokozwa atasema lolote na wakili wake atalilia mtego.

Akishatoka, wewe uliza tena, hata kwa meseji. Mpangilio huu wa wewe, yeye, kisha wewe tena ndio unaoziba tundu la kwamba apatimenti ilifunguka katikati. Akiambiwa saa nane kwamba ipo, na wewe saa tisa ukaambiwa haipo, hapo pamebaki maelezo machache sana.

Kila mmoja aandike peke yake, bila kusomeana, asaini na kuweka tarehe. Taarifa mbili zenye sentensi zinazofanana neno kwa neno hunuka kupikwa. Na mwenzako asijaze wala kusaini fomu ya maombi yenye habari za uongo, wala asilipe ada. Kuuliza kunaruhusiwa, kughushi hakuruhusiwi.

Jaribio moja linaweza kuwa bahati mbaya. Mawili yakitoa jibu lile lile ni mwenendo.

Wakikukataa kwa ripoti

Sababu inayotolewa mara nyingi kwa wageni ni ripoti ya uchunguzi wa mpangaji, yaani rekodi za madeni na kesi zako zinazokusanywa na kampuni. Hapa usikimbilie kudai ubaguzi, kwa sababu ripoti zenyewe huchanganya watu. Wakimbizi wengi waliandikishwa kambini kwa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, na majina ya ukoo hugeuzwa kuwa ya kwanza kwenye hati moja na ya mwisho kwenye nyingine. Kampuni ikitafuta jina na tarehe hiyo, inaweza kukubandikia deni au kesi ya kufukuzwa ya mtu mwingine kabisa. Andika jina lako kwa mpangilio mmoja kwenye kila fomu, ule ulio kwenye kadi ya Social Security.

Aliyekukataa kwa sababu ya ripoti, hata kwa sehemu tu, analazimika kukupa taarifa yenye jina na anwani ya kampuni iliyoitoa. Una siku 60 za kuomba nakala yako bure. Ukikuta kosa, andika pingamizi na uambatanishe kitambulisho. Kwa kawaida kampuni ina siku 30 za kuchunguza.

Sasa rudi kwenye ulinganisho. Ripoti yako ikiwa safi na mwenye nyumba alisema ina tatizo, umemkamata kwenye uongo. Ikiwa kweli huna krediti, swali linakuwa wengine wasio na krediti wametendewaje. Je, mwanafunzi wa Kimarekani asiye na historia aliruhusiwa kuleta mdhamini, na wewe hukuambiwa kwamba mdhamini anakubalika? Mpelelezi ana mamlaka ya kuomba mafaili ya waombaji wengine. Wewe huna, kwa hiyo kazi yako ni kumwonyesha afungue faili lipi.

Kufungua lalamiko

Kuna milango miwili, na kuingia mmoja hakukuzuii kutumia mwingine kwa sasa.

Mlango wa kwanza ni HUD, ndani ya mwaka mmoja tangu tukio la mwisho. Ni bure, na wakili si lazima. Unaweza kujaza kwenye tovuti yao au kupiga 1-800-669-9777. Mahali penye ofisi ya jimbo au jiji yenye sheria inayolingana, HUD hulihamishia lalamiko huko, na hilo lisikutishe. Usitegemee kwamba utapata mkalimani wa Kiswahili kwa wakati. Andaa maelezo yako kwa Kiingereza mapema, ukisaidiwa na shirika au mtu unayemwamini, kisha asome yote kwa sauti kwa Kiswahili kabla hujasaini.

Maelezo yawe ukurasa mmoja au miwili, kwa mpangilio wa tarehe: jina na anwani yako, jina la mwenye nyumba na la kampuni inayosimamia, anwani ya jengo, kilichotokea, nani alitendewa vizuri zaidi, na kwa nini unaona ni asili yako. Taja mmiliki na meneja wote wawili. Watu humtaja karani wa ofisi peke yake, naye anaacha kazi mwezi ujao. Apatimenti ikiwa bado tupu, liseme hilo kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu kuna njia ya dharura ya kuiomba mahakama izuie isipangishwe, na njia hiyo hufa siku mtu mwingine anapohamia.

Baada ya hapo mshtakiwa hujulishwa ndani ya siku 10 na hutakiwa kujibu. Uchunguzi umewekewa lengo la siku 100, na mara nyingi huvuka. Usikae kimya miezi hiyo: ukibadilisha namba ya simu ukasahau kuwajulisha, lalamiko hufungwa kwa kuwa hukupatikana. Ni sababu ya kijinga ya kupoteza kesi, na ni ya kawaida.

Mlango wa pili ni mahakama, ndani ya miaka miwili. Muda ambao lalamiko liko HUD hauhesabiwi katika miaka hiyo. Mawakili wengine huchukua kesi hizi bila malipo ya awali, kwa kuwa sheria inaruhusu aliyeshindwa kumlipia ada wakili wa aliyeshinda.

Tangu siku ya kwanza weka risiti: ada za maombi, hoteli, stoo ya vitu, mafuta ya gari, saa za kazi ulizokosa. Ukilazimika kupanga kwa dola 1,375 badala ya 1,150 uliyonyimwa, tofauti ni dola 225 kwa mwezi, yaani 2,700 kwa mkataba wa mwaka. Usumbufu wa moyo nao hulipwa, ila mweleze daktari au mshauri wako mapema, ili pawe na rekodi.

Wanaosamehewa, na wale wa kwetu

Mwenye nyumba anayeishi katika jengo lenye makao yasiyozidi manne amesamehewa sehemu kubwa ya sheria ya 1968. Vivyo hivyo anayepangisha nyumba yake moja bila wakala wala tangazo la kibaguzi. Lakini katazo la kauli na matangazo linawabana hata hao, na sheria ya 1866 kuhusu mbari na nasaba haina msamaha kwao. Zaidi ya hapo, sheria za majimbo mengi ni kali kuliko ya taifa. Usikate tamaa kwa sababu jengo ni dogo, uliza kwanza.

Na hili litawaudhi baadhi yetu. Mkenya au Mkongo aliyenunua nyumba ya familia mbili, kisha akaandika kwenye kundi la WhatsApp "napangisha, watu wa kwetu tu," au "kabila fulani msinipigie," amefanya kosa lile lile analolilalamikia kwa Wazungu. Meseji yake ni ushahidi kama tangazo la gazetini. Kugawana chumba ndani ya makao yako mwenyewe ni jambo jingine, na kuna mahakama zilizosema sheria haiingii humo, ila aliye na mlango wake wa kupangisha asijifiche nyuma ya hilo.

Ukishalalamika, mwenye nyumba haruhusiwi kulipiza kisasi kwa kupandisha kodi, kuacha matengenezo au kukutisha kwa uhamiaji. Akifanya hivyo ni kosa jipya, lenye tarehe yake na muda wake, hata kama lile la kwanza hukulithibitisha. Endelea kulipa kodi kwa wakati na kwa njia yenye risiti. Deni la mwezi mmoja litampa sababu halali aliyokuwa anaitafuta.

Kesi nyingi huishia kwenye mapatano. Kabla hujasaini, hakikisha karatasi inataja kiasi kwa dola, tarehe ya malipo, namba ya apatimenti kama unaitaka bado, kwamba lalamiko halitaandikwa kwenye historia yako ya upangaji, na utaripoti kwa nani wakishindwa kutimiza. Ukiona kipengele cha kukuzuia kusema chochote kwa yeyote milele, omba kiondolewe au kiongezewe bei.